Jirani anataka kujenga fleti 16 upande wa juu wa kiwanja changu, nina sauti gani?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mbeya upande wa juu wa jiji, chini ya mlima Loleza. Kiwanja changu kina hati na tumeishi hapa tangu watoto wako shule ya msingi. Kiwanja kinachopakana nami kwa juu kilikuwa na nyumba moja ya zamani, sasa kimeuzwa. Juzi limesimamishwa bango kwamba mwenye kiwanja anakusudia kubadili matumizi kutoka makazi ya familia moja kuwa makazi ya fleti, ghorofa nne, fleti 16. Kabla ya hapo alikuja kijana na karatasi ya majirani, mimi sikuwepo, mwanangu akasaini bila kusoma. Mwenyekiti wa mtaa ananiambia jambo limeshapita juu, nisijisumbue. Mpwa wangu anasema niende mahakamani kesho. Huku hatuna bomba la majitaka, kila mtu ana shimo lake, na mimi nina kisima uani ambacho kinatuokoa maji ya bomba yakikatika. Barabara yetu ni ya vumbi, gari mbili zikikutana moja inarudi nyuma. Je, bado naweza kusema chochote? Na je, naweza kuja kuondolewa hapa?"

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma yote, na picha ya bango uliyoambatanisha nimeikuza mpaka nikasoma maandishi ya chini kabisa. Nilivyokuelewa, una hofu tatu zilizoshikana: kwamba jambo limeshaamuliwa, kwamba saini ya mwanao imekufunga mdomo, na kwamba maji ya fleti hizo, ya mvua na ya chooni, yatakushukia wewe. Hizo mbili za kwanza naomba uziweke chini. Ya tatu ni ya kweli, na ndiyo itakayoipa barua yako uzito.

Nianze na lile la kuondolewa. Hapana. Maombi haya yanahusu kiwanja cha jirani yako peke yake. Hati yako haiguswi, matumizi yaliyoandikwa humo hayabadiliki, na kodi yako ya pango la ardhi inaendelea kukokotolewa kwa matumizi na ukubwa wa kiwanja chako mwenyewe. Kutwaliwa kwa ardhi ni mambo mengine kabisa, yana sheria yake na fidia yake, na hakuna kitu cha namna hiyo kwenye picha uliyonitumia.

Sasa bango. Linasimamishwa mwanzoni mwa safari, ili nyinyi mnaoishi hapo mjue na mseme. Ndiyo maana chini yake pameandikwa kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa Mkurugenzi wa Jiji ndani ya siku zilizotajwa. Kama jambo lingekuwa limepita, wasingewaomba maoni. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, mamlaka ya upangaji kwenu ni Halmashauri ya Jiji la Mbeya, na mwenye kiwanja hawezi kukiendeleza kwa namna nyingine bila idhini yake. Maombi yake yanaingia ofisi ya mipango miji yakiwa na nakala ya hati, stakabadhi za kodi na mchoro wa anachotaka. Linatolewa tangazo. Afisa mipango miji anatakiwa kufika pale, kuona, na kuandika taarifa, akichukua maoni ya wataalamu wenzake: maji, afya, zimamoto, na TARURA kwa sababu barabara za mitaa ziko mikononi mwao. Taarifa hiyo inakwenda kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Wakikubali, mapendekezo yanapelekwa wizara ya ardhi kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, ambazo tangu 2020 kila mkoa unayo yake. Baada ya hapo ndipo masharti ya hati yanabadilishwa. Na hata akifika hapo salama, bado hajapata kibali cha ujenzi. Hicho anakiomba upya, kwa michoro kamili ya jengo, mashimo ya majitaka na mifereji.

Ukiyatazama hayo yote, mwenyekiti wa mtaa hayupo mahali popote penye uamuzi. Simlaumu, huenda aliambiwa hivyo na yeye akakufikishia. Kazi yake ni kuwatambua wakazi, kuthibitisha kwamba majirani wameshirikishwa na kuitisha mkutano wa mtaa watu wakiutaka. Muhuri wake ni ushahidi kwamba mtaa umejua, basi. Hawezi kupitisha na hawezi kuzuia. Kwa hiyo barua yako usimwachie yeye akupelekee. Mpe nakala kwa heshima, lakini ile ya asili ifike masijala ya Jiji, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yako.

Na karatasi aliyosaini kijana wako? Mwenye kiwanja ni wewe, jina kwenye hati ni lako. Mwanao hakuwa na mamlaka ya kukusemea isipokuwa ulimpa. Andika aya moja tu kwenye barua yako kwamba saini iliyowekwa kwa niaba ya kiwanja namba fulani haikutolewa na mmiliki, na kwamba msimamo wa mmiliki ni huu hapa. Hata kama ungekuwa umesaini mwenyewe, mtu anaruhusiwa kueleza kwamba alipoelewa vizuri mawazo yake yalibadilika, ilimradi kamati haijakaa. Na usimgombeze sana. Karatasi hizi huletwa jioni jioni, mtu amesimama getini, kalamu imeshafunguliwa, na maelezo juu ya karatasi ni mstari mmoja.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho hutakipenda. Majirani hawana kura ya turufu. Wengi hufikiri wakikataa watano, jambo limekufa. Halmashauri inatakiwa kuwasikiliza na kuyapima mnayosema, kisha inaamua. Ndiyo maana barua inayosema "hatutaki fleti, zitaleta wahuni na wapangaji wasiojulikana" haifiki mbali, hata ikiwa na saini arobaini. Kamati haiwezi kumnyima mtu haki ya kuendeleza kiwanja chake kwa sababu majirani hawapendi wapangaji. Na mimi kama mpangamiji sioni kosa kwa mji kuongeza nyumba. Mbeya inakua, wanafunzi wanatafuta vyumba, vijana wanaoanza kazi wanapanga kule mbali Uyole na Iwambi na kutumia sehemu ya mshahara kwenye nauli. Kiwanja kikubwa chenye nyumba moja, karibu na katikati ya jiji, kitaombewa jengo kubwa zaidi leo au kesho. Swali la haki ni kama kiwanja kile, kwenye mteremko ule, bila bomba la majitaka na kwa barabara ile, kinaweza kubeba fleti 16. Hapo ndipo una hoja nzito.

Tuanze na mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Tuseme kiwanja kile ni kama mita za mraba 2,400. Mvua moja nzito ya milimita 40, ambayo kwenu si ajabu kati ya Novemba na Aprili, inamwaga pale lita 96,000. Leo kiwanja kina nyumba moja, migomba na majani, na sehemu kubwa ya maji hayo inazama ardhini. Kikijengwa jengo kubwa, kikawekwa paving uwanja mzima kwa ajili ya magari, karibu maji yote yatatafuta njia ya kuteremka ndani ya muda mfupi, na njia hiyo inapita ukutani kwako. Mchoro wa jengo unaweza kuonyesha mfereji mzuri kabisa, lakini uliza mfereji huo unaishia wapi. Mara nyingi unaishia kwenye mpaka wa kiwanja, na mpaka huo ndio ukuta wako. Mnaoishi Mbeya hamhitaji kukumbushwa Aprili 2024, tope liliposhuka kutoka mlima Kawetele na kufukia nyumba kule Itezi. Sisemi mteremko wenu uko hivyo, na usiandike hivyo bila ushahidi. Lakini una haki ya kuitaka halmashauri impe mwombaji sharti la kuleta uchunguzi wa udongo kabla ya kuchimba msingi wa ghorofa nne kwenye mteremko.

Majitaka ndiyo yananipa wasiwasi zaidi. Shimo la choo la nyumba moja hufanya kazi kwa sababu udongo unaolizunguka unapata muda wa kunyonya yanayoingia leo kabla ya kuja ya kesho. Tuchukue watu sita wanaotumia lita 80 kila mmoja kwa siku: ni lita 480. Sasa chukua fleti 16 zenye watu wanne wanne, ni watu 64, lita 5,120 kila siku inayoamka. Udongo ni ule ule. Ukizidiwa, maji hayatoweki, yanasafiri chini kufuata mteremko na kujitokeza kwenye ukingo, kwenye msingi wa nyumba ya chini, au kwenye kisima. Watu wa afya hutaka shimo la choo liwe walau mita 30 kutoka kwenye kisima, na lisiwe upande wa juu wa kisima. Chukua tepu, pima kutoka kisimani kwako mpaka kwenye ukuta wa mpaka. Kama ni mita 12 au 15, basi hata wakisogeza mashimo yao huku na huku hawatakuwa na mahali pengi pa kuyaweka, na namba hiyo iandike kwenye barua. Afisa anayesoma "kisima chetu kitachafuka" anaweza kuipita. Anayesoma "kisima kiko mita 13 kutoka mpaka, upande wa chini wa mteremko" hana budi aje aone.

Hapa niongeze jambo ambalo watu hawalifikirii. Jibu la kawaida la mwombaji ni kwamba atajenga tangi kubwa lisilovuja na gari la kunyonya litakuja kila wiki. Ni jibu linalokubalika, ila linafaa tu kama gari hilo linaweza kufika. Barabara yenu, kwa maelezo yako, gari mbili ndogo haziwezi kupishana. Gari la majitaka likiingia asubuhi, mtaa mzima umefungwa. Gari la zimamoto je? Ghorofa ya nne ikishika moto usiku, na magari ya wapangaji yameegeshwa pembeni, nani ataingia? Pima upana wa barabara mahali pembamba kabisa, piga picha gari likipita hapo, ambatanisha. Hoja ya barabara ni nzuri kwa sababu haimhusu mtu anayependa au asiyependa fleti, inawahusu hao hao watakaoishi ndani yake.

Jua nalo. Hili hutalikuta kwenye barua nyingi za pingamizi lakini kwa Mbeya lina maana. Jiji lenu liko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana haliko utosini, limeinamia kaskazini kwa kama nyuzi 32. Loleza iko kaskazini mwa jiji, na wewe unasema kiwanja kile kiko juu yako kuelekea mlimani, kwa hiyo jengo litasimama kati yako na jua katika miezi yenye baridi kali kuliko yote. Jengo la kimo cha mita 13 linatupa kivuli cha mita 8 hivi saa sita mchana, na asubuhi kirefu kuliko hapo kwa mbali. Kama uani kwako kuna bustani, kamba za nguo na chumba cha bibi anayeota jua, andika hivyo. Desemba kivuli kitaangukia upande wa pili, hakutakuwa na tatizo. Hoja hii peke yake haiwezi kuangusha maombi, lakini inatosha kuomba jengo lisogezwe mbali na mpaka wako au lipunguzwe ghorofa moja.

Basi una njia zipi? Unaweza kupinga moja kwa moja na kuomba maombi yakataliwe. Unaweza kupinga ukubwa na kutaka masharti: fleti nane badala ya 16, ghorofa mbili, jengo likae mita kadhaa zaidi kutoka kwako, tangi la majitaka lisilovuja upande wa barabarani, mfereji uliojengewa hadi kwenye mtaro wa umma, nusu ya kiwanja ibaki udongo na majani. Unaweza pia kumwendea mwenye kiwanja mzungumze kabla kamati haijakaa. Au unaweza kunyamaza, na kunyamaza kutasomwa kama kukubali.

Ningekuwa wewe, ningechukua ile ya pili, nikiwa nimeifungua kwa ile ya kwanza. Yaani barua iseme wazi kwamba kwa miundombinu iliyopo leo mradi wa ukubwa huu haufai, kwa sababu hizi nne zenye vipimo, na kwamba kama halmashauri itaona vinginevyo, basi masharti haya yawe sehemu ya idhini yenyewe na yaandikwe. Nasisitiza yaandikwe, kwa sababu ahadi ya mdomo ya mwenye mradi haimfungi aliyenunua kutoka kwake, na viwanja vya namna hii huuzwa mara idhini ikishatoka. Kukataa tu, bila kutoa njia, kunawapa wajumbe kazi ngumu, na mwombaji atarudi mwakani na mchoro mwingine, wewe ukiwa umeshachoka. Mazungumzo na mwenye kiwanja yafanye pia, kama ni mtu wa kuongea naye. Lakini yasikucheleweshe kupeleka barua.

Angalia vilevile kitu kimoja ofisi ya mipango miji. Omba kuuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, huo watu wanaouita mchoro wa TP, na uulize mpango kabambe wa jiji unasema nini kuhusu upande wenu. Kama umeuweka kwenye makazi ya ujazo mdogo, yaani nyumba chache kwenye viwanja vikubwa, andika hivyo, hoja yako inapata mguu wa kusimamia. Kama unaonyesha upande huo unaelekezwa kuwa na majengo marefu, ni afadhali ujue mapema, nguvu zako uzipeleke kwenye masharti. Usikubali jibu la kwamba michoro ni siri. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016. Andika barua fupi ya kuomba, mwalimu hashindwi na hilo. Na kama kuna kijito chochote karibu, hata kile kinachokauka Agosti, kitaje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito.

Kuhusu mahakama, mpwa wako ana nia njema lakini bado ni mapema. Hakuna uamuzi uliotolewa, kwa hiyo hakuna cha kumpeleka mtu mahakamani. Pia kuishtaki halmashauri hakufanyiki kesho. Kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Ni njia ndefu na ya gharama kwa pensheni ya mwalimu. Iko tofauti pale jirani akianza kuchimba kabla ya idhini, akavuka bikoni, zile alama za mpaka, au akabomoa ukuta wako. Hapo siku hiyo hiyo toa taarifa kwa afisa mipango miji na mtendaji wa kata ili ujenzi usimamishwe, na ugomvi wa mpaka unaweza kuupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ukianza na usuluhishi wa Baraza la Kata.

Sasa pale ambapo maandishi yangu hayatoshi. Mimi sijakanyaga kiwanja chako, nimeona picha moja. Tafuta mpangamiji aliyesajiliwa na bodi inayosajili wataalamu wa mipango miji aje ashinde nusu siku hapo, aone mteremko, apime, na ikiwezekana asaini taarifa ya kurasa mbili utakayoiambatanisha. Mkichangishana nyumba sita au saba za upande wa chini, gharama yake haitamuumiza mmoja, na barua ya pamoja yenye taarifa ya mtaalamu inasomwa kwa jicho jingine. Ukiona ufa mpya ukutani au ardhi inatutumka baada ya mvua, huyo unayemhitaji ni mhandisi, na usingoje tarehe za kamati. Mwanasheria mtafute iwapo idhini itatolewa bila barua yako kujibiwa au kutajwa popote. Kama uwezo ni mdogo, Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya Jiji inaweza kukuelekeza walipo.

Kwenye picha yako, tarehe ya bango imefunikwa na mkono wa mpiga picha. Nenda leo kaisome, kisha hesabu siku. Zikiwa zimebaki chache, peleka barua ya ukurasa mmoja yenye jina lako, namba ya kiwanja na kitalu, na hoja zako nne kwa kifupi, useme vipimo na picha vinafuata. Zikiwa zimekwisha, ipeleke hivyo hivyo, nakala kwa diwani wako na kwa ofisi ya ardhi ya mkoa, ukieleza ni lini hasa uliliona bango.